Kuprinti fulana nyumbani: pesa iende kwenye skrini na moto kwanza

Wengi wanaotaka kuanza kuprinti fulana nyumbani huanza kwa kuulizia bei ya mashine ya mikono minne, yaani inayobeba skrini nne. Ushauri wangu ni kuiacha kwanza. Kazi ya mashine ile ni kuzifanya rangi nyingi zikae mahali pake bila kuhama, na wateja wa mwanzo, yaani kikundi cha vikoba, timu ya mtaani, kwaya, familia yenye harusi au msiba, karibu wote wanataka rangi moja, mara chache mbili. Bawaba mbili imara na kibao kilichonyooka vinatosha. Pesa iende pale fulana zinapoharibikia: kwenye skrini yenyewe, yaani fremu iliyovutiwa meshi, kitambaa chenye matundu madogo ambamo wino unapita, na kwenye moto wa kuivisha wino. Skrini mbovu utaigundua siku hiyo hiyo. Moto hafifu ataugundua mteja akishafua, na wewe utakuwa wa mwisho kuambiwa.

Chumba cha mita 3 kwa 3 kinatosha, ilimradi maji yako karibu na kuna kona unayoweza kuifunga giza. Weka balbu ya njano. Mwanga mweupe wa kawaida unaigandisha polepole, bila wewe kujua, dawa ya skrini, ile inayopakwa kwenye meshi: ikimulikwa inaganda, na pale mchoro ulipoizuia isipate mwanga inaoshwa na kuacha njia ya wino. Kuhusu umeme, soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba wati 3,000 hivi. Hit presi, mashine ya kukandamiza vazi kwa bamba la moto, ya sentimita 38 kwa 38 inavuta kati ya wati 1,400 na 1,800, na pasi inakaribia hapo. Usiviweke vyote viwili kwenye ekstensheni moja.

Fremu na meshi

Kipimo kizuri cha kuanzia ni fremu ya sentimita 50 kwa 60 kwa nje. Ukitumia mbao za inchi 2 kwa 2, ndani unabaki na 40 kwa 50, eneo linalobeba mchoro wa A4 kwa nafasi na wa A3 kwa kubana. Paini za Sao Hill zinafaa kama zimekauka kweli, kwa sababu mbao mbichi itapinda ukishaiosha mara chache. Kata kona nusu kwa nusu, tia gundi na skrubu, kisha ilaze fremu juu ya kioo. Kona moja ikicheza, irekebishe kabla ya kuweka meshi, maana skrini iliyopinda haitaligusa vazi sawasawa, na wino utakuwa mwingi upande mmoja na hafifu upande wa pili. Paka vanishi mikono miwili ili mbao isinywe maji.

Meshi inauzwa kwa namba, na namba hizo ni za aina mbili. Kuna hesabu ya nyuzi kwa sentimita na hesabu ya nyuzi kwa inchi: 43 ya sentimita ndiyo 110 ya inchi, 55 ndiyo 140, 77 ndiyo 195. Mwulize muuzaji anasoma ipi. Kwa wino mweupe juu ya fulana nyeusi chukua 43, kwa kazi nyingi za kawaida 55, na kwa maandishi madogo 77. Kama kuna ya njano na nyeupe, chukua ya njano. Itahitaji muda mrefu zaidi kwenye taa, lakini haitawanyi mwanga ndani ya nyuzi, kwa hiyo kingo za herufi zinatoka kali.

Kwa fremu hii kata kipande cha 60 kwa 70. Piga pini za stapla kuanzia katikati ya kila upande, ukivuta kuelekea kona, pini moja kila sentimita 2, zikiwa zimelala mshazari ili zisikate nyuzi. Meshi iliyolegea inakokotwa na skwiji, ule mpira wenye mpini wa kuvutia wino, na mchoro unavimba. Fremu za alumini zilizovutwa kwa mashine hufika nyutoni 20 hadi 25 kwa sentimita, na mbao yenye stapla haifiki huko, kwa hiyo kazi ya rangi mbili zinazogusana ifanyie kwenye alumini.

Kabla ya kupaka dawa, osha meshi hata kama ni mpya, kwa sabuni ya vyombo isiyo na losheni. Mafuta ya vidole yanaacha vitundu vya duara ambako dawa imekataa kushika.

Dawa, giza na unyevu

Hapa ndipo kazi ilipo. Nianze na onyo: madukani utakutana na chenga za rangi ya chungwa ziitwazo daikrometi, zinazochanganywa na dawa ili igande kwa mwanga. Ni rahisi na zinafanya kazi haraka, lakini ndani yake kuna kromiamu ya aina inayosababisha saratani, inachoma ngozi na kuleta pumu. Nyumbani kwenye watoto na shimo la maji taka, usiingize kabisa. Nunua dawa ya diazo, au ile iliyo tayari isiyohitaji kuchanganywa. Na soma kopo: kuna dawa zinazostahimili wino wa maji na nyingine zinazostahimili wino wa kutengenezea kwa thina. Ukikosea hapo, skrini itaanza kumomonyoka katikati ya oda, na hutaokoa kitu.

Kilo moja inapaka takriban skrini 20 za kipimo hiki. Diazo ikishachanganywa iache saa chache povu lipotee, kisha iweke mbali na joto. Kwenye joto la pwani inadumu wiki 4 hivi. Friji inaongeza muda.

Simamisha skrini wima, jaza kipakio cha alumini, na upake kutoka chini kwenda juu kwa mwendo mmoja. Anza upande unaogusa fulana, malizia upande wa skwiji. Mpako wa mwisho unaisukuma dawa itokeze upande wa fulana, ambako ndiko tunataka unene. Kisha ilaze, upande wa fulana ukiwa chini, gizani, feni ikipuliza.

Sasa unyevu. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar, hasa wakati wa masika, dawa inaweza kuonekana kavu kwa kidole na bado ina maji ndani. Dawa yenye maji haigandi vizuri hata uimulike muda gani, na mtu anaishia kulaumu taa. Njia ya uhakika ni mizani ya jikoni: pima skrini kila baada ya saa moja, na uzito ukiacha kushuka ndipo imekauka. Kabati dogo lenye feni na balbu ya joto linasaidia sana, ila lisizidi nyuzi joto 40.

Mchoro uchapwe mweusi kabisa kwenye karatasi angavu. Ishike mbele ya dirisha. Kama nondo za dirisha zinaonekana kupitia weusi, chapa nakala ya pili na uzibandike pamoja sawasawa. Karatasi ya tresi ni rahisi na inafaa kwa rangi moja, lakini joto la printa ya leza linaifanya inywee, kwa hiyo kwenye rangi mbili michoro haitalingana. Ibandike upande wa fulana, wino wa karatasi ukigusa dawa, ili ukitazama kutoka upande wa skwiji maandishi yasomeke kawaida.

Juu yake weka kioo safi cha milimita 6. Ndani ya fremu weka godoro dogo lililofunikwa kitambaa cheusi, likiisukuma meshi dhidi ya kioo. Mwanga ukipata upenyo chini ya karatasi, unakula kingo za herufi na mistari myembamba inapotea. Taa nzuri ni LED ya wati 50 yenye mwanga wa nanomita 395 hadi 405. LED nyeupe ya kumulika uwanja haina mwanga huo wa kutosha. Iweke umbali wa sentimita 50, sawa na mshazari wa A3, vinginevyo katikati kutaiva na pembeni kubaki kubichi. Ukiongeza umbali mara mbili, muda unakuwa mara nne.

Muda hauazimwi kwa mtu. Pima mwenyewe: funika skrini kwa kadibodi, fungua ukanda mmoja kila dakika moja hadi upate kanda 10, kisha osha. Ukanda ambao dawa inateleza kama ute upande wa skwiji haujaiva. Ukanda ambao herufi ndogo zinakataa kufunguka umepitiliza. Chukua ule wa kwanza usioteleza, na uandike muda, aina ya dawa na namba ya meshi kwa kalamu kwenye fremu yenyewe. Jua la saa sita mchana nalo linachoma skrini, mara nyingi kwa muda mfupi sana, lakini wingu moja likipita hesabu yote imebadilika. Kwa oda ya mtu silipendekezi.

Kuosha: lowanisha pande zote mbili kwa maji ya kawaida, subiri dakika 1 au 2, kisha nyunyiza upande wa fulana hadi mchoro ufunguke. Usisugue. Ikikauka, ianike juani dakika 15. Kwa wino wa maji hatua hiyo ndiyo inayoifanya skrini idumu fulana mamia badala ya makumi. Vitundu vidogo vizibe kwa dawa au tepu upande wa fulana.

Wino na mkono

Nyumbani anza na wino wa maji. Plastisoli, yaani wino wa plastiki, ni rafiki kwa mchapaji kwa sababu haikauki kwenye skrini, lakini haikauki kabisa bila joto la nyuzi 160 kufika ndani ya wino wote, na inaoshwa kwa thina. Kama unachanganya mwenyewe, tia gramu 30 hadi 50 za rangi kwenye kilo moja ya baindi, ule uji unaoishikisha rangi kwenye kitambaa. Kuzidisha rangi ili iwe kali ni kosa la kawaida sana: baindi inakosa nguvu ya kuishika yote, na kinachozidi kinatoka na maji ya kufulia.

Mchoro wa A4 uliojaa unakula takriban gramu 10 kwa fulana. Pima kopo kabla na baada ya kila oda, utapata namba yako halisi ya kupangia bei.

Kibao cha kuvalisha fulana kiwe 35 kwa 45, kimepakwa gundi ya meza ili vazi lisinyanyuke. Kati ya skrini na fulana acha nafasi ya milimita 2 hadi 3; kadibodi chini ya fremu inatosha. Bila nafasi hiyo meshi inabaki imenata na kingo zinachafuka. Skwiji iwe na ugumu wa 65 hadi 70 kwa kipimo cha Shore A, pana kuliko mchoro kwa sentimita 2 kila upande, na ukingo wake uwe mkali wa pembe mraba. Vuta ikiwa imelala kidogo, kama pembe ya nyuzi 75, kwa mvuto mmoja wa nguvu ileile hadi mwisho. Mchoro wa kifuani kwa mtu mzima uanze sentimita 7 au 8 chini ya kola.

Wino wa maji unakauka ndani ya meshi, na joto letu halina huruma. Kila baada ya fulana, kabla ya kufikiria kitu kingine, inua skrini na utandaze wino juu ya mchoro bila kukandamiza. Zima feni inayopuliza mezani. Ukiitwa nje, hata kwa dakika 5, futa mchoro kwa kitambaa kibichi kwanza.

Fulana nyeusi inataka weupe mikono miwili, na kati ya mikono hiyo ukaushe kwa hita hadi wino usishike kidole, bila kuisogeza fulana.

Moto

Anika fulana hadi mvuke uishe, kisha hit presi nyuzi 160 kwa sekunde 90 hadi 120 kwa jumla, ukifungua katikati ili mvuke utoke, na karatasi ya kuokea ikitenganisha. Namba kwenye kioo cha presi ni ya bamba, na pembeni mara nyingi kuna joto pungufu. Pasi inawezekana kwa fulana chache: moto wa pamba, kitambaa juu, dakika 3 hadi 5 kila sehemu, bila maji. Kwa oda ya fulana 50 pasi itakuchosha, na uchovu ndio unaoleta fulana zisizoiva.

Kabla ya kukabidhi, sugua mchoro kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikichukua rangi, rudisha motoni. Kwa kila wino mpya, fua kipande cha majaribio mara 5 kwa maji ya moto na sabuni ya unga, na ukiweke kwa kumbukumbu.

Jezi za poliesta zina tabia yake. Rangi ya kitambaa inapanda kwa joto na kuingia kwenye wino, ndiyo maana namba nyeupe kwenye jezi nyekundu huwa ya waridi baada ya siku chache. Tumia wino maalumu wa poliesta unaoiva kwa joto la chini, na jaribu kwanza jezi moja, ukiiacha siku kadhaa. Mifuko mbadala, ambayo imekuwa kazi nzuri Tanzania tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, usiiguse kabisa na presi: nyingi ni polipropilini, ambayo inayeyuka karibu na nyuzi 160. Hiyo ina wino wake unaokauka kwa hewa, na harufu yake inataka madirisha wazi.

Kwenye bei, tenganisha gharama ya skrini na gharama ya fulana. Kuandaa skrini ni kazi ileile kwa fulana 1 au 100, kwa hiyo mteja wa fulana 3 mpeleke kwa mwenye DTF, yaani mashine inayochapa mchoro kwenye filamu kisha ukabandikwa kwa joto bila skrini, na umweleze sababu. Atarudi akiwa na oda ya 40. Mteja akija na fulana zake, kubalianeni kwa maandishi kwamba katika kila 50 moja inaweza kuharibika, na aongeze moja. Ukimaliza, kwangua wino urudi koponi, futa kwa tambara, ndipo uoshe. Dawa ya kutoa mchoro usiiache ikauke kwenye meshi, maana ikikauka mchoro hautoki tena na meshi ni ya kutupa.