Chenji ya mia saba

Jumamosi tulipanda treni ya SGR, hii mpya ya umeme, kwenda Dar, mimi na huyu wangu wa mwisho. Tumepita Igandu, anapapasa kioo huku na huku, ananiuliza, "Mama, dirisha linafunguliwaje?" Nikamwambia halifunguki. "Sasa watu wananunuaje vitu?" Amewahi kupanda ile ya zamani na baba yake mara moja tu, ila hilo hakulisahau.

Basi mimi kimawazo nikarudi Bahi, kijijini kwa bibi. Mwaka 1998, mvua za El Nino, bwawa limejaa mpaka kambale unamkuta njiani, na bibi hakuona sababu ya mjukuu kukaa bure likizo nzima. Asubuhi anakaanga, mimi beseni kichwani mpaka stesheni. Stesheni yenyewe mnaijua, kajengo ka Mjerumani na kipande cha reli kinachoning'inia, kikigongwa tu ngaa ngaa ngaa wauza ubuyu na wauza mayai wote tunainuka.

Siku hiyo imeingia ya kwenda Kigoma. Behewa la tatu, mzee mmoja kofia ya kushona kwa mkono, saa yake ameifunga na mpira wa baiskeli. Samaki watatu, mia tatu. Akanipa elfu moja nzima.

Hela nafunga kwenye pindo la kanga, na vidole vina mafuta. Lile fundo likagoma. Navuta, linateleza, nikaliuma na meno, nasikia ladha ya chumvi na samaki na kanga mbichi, na juu yangu mzee anasema taratibu kabisa, "Usiogope mwanangu, fungua tu." Fundo linaachia, treni nayo inashtuka. Nikahesabu sarafu saba za mia huku nakimbia, beseni nimeliacha chini kwa mama wa mayai, na yule mzee ametoa mkono wote nje, kiganja wazi, wala hapigi kelele. Nilikuwa nimebakiza kama hatua mbili hivi. Kweli ningemfikia.

Nikapunguza mwendo.

Miaka yote nasemaga ni kokoto, nilikuwa peku. Na kokoto zilikuwepo, sikatai. Lakini mkono ule ulibaki nje mpaka behewa la mwisho linapita, halafu ndo ukarudi ndani, na mimi nimesimama na mia saba yangu imelowa jasho.

Bibi hakunichapa, afadhali angenichapa. Akazitia kwenye kopo la Blue Band, "Hii ya mwenyewe, atarudi." Ikawa kila treni ya kutoka Kigoma nikachungulie mabehewa ya daraja la tatu, bibi akipita pale anamsalimia stesheni masta kwa Kigogo, "mbukwenyi", halafu anamuuliza kama hajaona mzee wa kofia, mpaka ikawa utani wa kijiji kizima. Likizo ikaisha. Mwaka uliofuata hela haikuwemo na sikuuliza, ila nilinunuliwa madaftari mapya, mkitaka unganisheni wenyewe.

Kopo ninalo mimi sasa. Natunzia vifungo na sindano. Huyu mtoto kule kwenye treni aliuliza tena dirisha, nikampa simu acheze gemu.