Picha moja, lugha kibao

Leo nimeshinda mezani nachora kuku. Kuku wa kienyeji tu, lakini lazima awe yuleyule mwanzo mpaka mwisho wa kitabu, mkia uleule, lile pengo la manyoya shingoni likae upande uleule, maana mtoto anaona, mtu mzima ndo anapitiliza. Kitabu cha picha mara nyingi kina kurasa 32, sababu karatasi kubwa ikichapwa na kukunjwa inatoa kurasa 16, sasa mbili ndo hizo 32, toa ukurasa wa jina na wa hakimiliki, hadithi inabaki na nafasi ndogo kweli.

Mi niko Kampala ila nimekulia kambi ya jeshi Jinja, baba alikuwa askari, na pale kambini kila nyumba ilikuwa na lugha yake, Kiacholi, Kiteso, Kilugbara, Kiganda, tukitoka nje kucheza ni Kiswahili. Nadhani ndo maana kazi hii imeniingia moyoni, manake Uganda ina lugha zaidi ya 40 na mtoto wa kila lugha anastahili kitabu. African Storybook wanaweka hadithi mtandaoni kwa leseni huru, mtu yeyote anaweza kutafsiri maneno na picha zikabaki zilezile, yaani mchoro wako unaweza kukaa na maneno ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyasoma, na hilo linanifurahisha sana.

Ila linabadilisha namna ya kuchora. Siandiki kitu ndani ya picha. Kibao cha duka nakiacha kitupu, nachora mikate na miche ya sabuni dirishani, mtoto ajue hapa ni duka. Naacha anga au ukuta mpana kwa ajili ya maandishi sababu sentensi ikihamia lugha nyingine inaweza kurefuka ikala mistari miwili zaidi. Na maandishi ni bora yawe meusi tupu: uchapaji wa rangi unatumia pleti nne, yaani mabamba ya kuchapia, moja kwa kila rangi: samawati, majenta, njano na nyeusi, kwa hiyo lugha ikibadilika unabadilisha ile nyeusi peke yake, zile tatu zinabaki, gharama inashuka.

Halafu picha isirudie maneno jamani, hili nalisema kila siku. Maneno yakisema bibi amekasirika, mi nachora sigiri imezimika, matoke hayajamenywa, na mjukuu anachungulia nyuma ya mlango na mpira mkononi. Mtoto wa miaka minne asiyejua hata herufi moja atakwambia bibi amekasirikia nini kabla hujamsomea. Huyo anasoma tayari! Na anasoma hivyohivyo awe Gulu, awe Mbale.

Upande wa pesa bado tunaumia. Wachoraji wengi wanalipwa mara moja basi, kitabu kikichapwa tena hawapati kitu, hakuna mrabaha, yaani fungu la mchoraji kwenye mauzo, wakati sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inalinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiki cha kuku nimeomba mkataba wa maandishi kabla sijachora mstari hata mmoja, mrabaha umo, na jina langu linakaa kwenye jalada chini ya la mwandishi kwa herufi za ukubwa uleule. Wamekubali. Kitabu kijacho nitaomba hivyohivyo.