Nani anaruhusiwa kupanda mgomba?

Anayetaka kuelewa siasa ya vilima vinavyouzunguka mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, asianzie kwenye mabango ya uchaguzi. Aingie shambani aulize: migomba hii ilipandwa na nani, na kwa ruhusa ya nani?

Katika Bushi, nchi ya Washi, kule Kabare na Ngweshe, ardhi ya desturi ilipatikana kwa kalinzi. Mtu alimpelekea mwami, yaani mtawala wa jadi, au mkubwa wa kilima anayemwakilisha, ng'ombe, au mbuzi na pombe kama shamba ni dogo, mbele ya mashahidi. Ng'ombe yule hakuhesabiwa kama bei. Mtoaji alipata haki ya kulima, kupanda migomba, kuzika wafu wake pale na kuwarithisha wanawe. Mwami naye alipata mtu: utii wake, kazi yake, sauti yake wakati wa ugomvi. Nguvu ya mwami ilipimwa kwa watu waliofungwa kwake namna hiyo.

Bwasa ni habari nyingine. Ni kukodi kwa msimu, kwa pesa au kwa siku za kazi. Mwenye bwasa hulima maharagwe na mahindi tu. Mgomba hapandi, kahawa hapandi, mti wa mpaka haugusi, kwa sababu mmea unaodumu ni ushahidi wa haki inayodumu. Basi nani atamwaga samadi au kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko katika shamba atakalonyang'anywa msimu ujao? Inaniuma kusikia mkulima huyo akiitwa mjinga. Hesabu yake ni sahihi.

Juu ya hayo yote ikaja karatasi. Amri ya kikoloni ya 1 Julai 1885 ilisema ardhi isiyo na mtu ni ya Serikali. Baadaye mashamba makubwa ya wakoloni, ya chai, kahawa na kwinini, yakapanda vilimani. Sheria ya 20 Julai 1973 ikaufanya udongo wote kuwa mali ya Serikali, na kifungu cha 389 kikaahidi amri ya Rais kuhusu haki za wenyeji. Amri hiyo haikutoka.

Katika pengo hilo shamba hupotea hivi. Mwenye pesa anaomba ardhi. Unafanyika uchunguzi wa kuthibitisha kwamba haina mtu. Tangazo linabandikwa ofisini, mbali na kilima, kwa Kifaransa. Mkubwa wa kienyeji anasaini, mara nyingine yuleyule ambaye ukoo wake ulipokea kalinzi ya babu wa mkulima. Mpimaji anapita, mkataba unatoka, kisha sertifika ya usajili. Miaka 2 ikipita, sertifika hiyo haishambuliki tena kortini. Wajane ndio wa kwanza kuondolewa, maana kalinzi ilitolewa kwa jina la mume.

Kwa hiyo familia zisingoje amri ya Rais. Waandike karatasi sasa: jina la aliyetoa kalinzi na la aliyepokea, majirani wa pande zote 4, urefu wa kila mpaka kwa hatua, mimea ya kudumu iliyopo na nani aliipanda, tarehe, saini za mashahidi, na saini ya mke pembeni ya ile ya mume. Nakala moja ibaki kwa jirani, kwa sababu ya kwanza kuungua ni ile iliyofichwa nyumbani.