Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Kiingereza na Viunganishi Vinavyofanana

Siku yangu huanza saa 11:30 alfajiri kwa kusahihisha insha, kwa sababu jioni macho huwa yamechoka na makosa madogo huyapita bila kuonekana. Leo nina insha 22 za watu wazima ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili, na kabla sijamaliza ya tano nimekwisha kukutana mara tatu na sentensi ya umbo hili: "Although he was sick, but he came to work." Sikasiriki, maana najua ilikotoka. Kiswahili kinatuzoesha kusema "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja kazini", na sikio halishtuki hata kidogo. Katika Kiingereza, "although" peke yake imekwisha kukifanya kishazi cha kwanza, yaani sehemu ya sentensi yenye kitenzi chake, kiwe tegemezi, kisichoweza kusimama peke yake, kwa hiyo "but", ambayo kazi yake ni kuunganisha vishazi vyenye hadhi sawa, haina cha kufanya hapo. Pembeni naandika kwa kalamu nyekundu: chagua kimoja. Nafasi ingeruhusu ningeongeza kwamba "though" inaweza kuja mwishoni kabisa mwa sentensi, kama katika "It was a good film, though", mahali ambapo "although" haikai kamwe, na kwamba "even though" hutumika pale mwandishi anapotaka mshangao wake uonekane.

Saa 3 asubuhi naingia darasani na "because", "since" na "as". Kamusi huzipa tafsiri za "kwa sababu", "kwa kuwa" na "kwa vile", na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba anaweza kuokota yoyote. Sianzi na fasili, namuuliza mmoja kwa Kiingereza kwa nini amechelewa, naye anajibu, "Since the bus broke down." Tumemwelewa sote, ila swali la "why" hujibiwa kwa "because", kwa kuwa hiyo ndiyo inayobeba sababu ambayo msikilizaji alikuwa haijui. "Since" na "as" hubeba sababu inayochukuliwa kuwa imeshajulikana au si kiini cha habari, ndiyo maana mara nyingi hutangulia mwanzoni mwa sentensi.

"Mwalimu, kumbe kamusi inatudanganya?" anauliza mwanafunzi wa mstari wa mbele.

Namjibu kwamba haidanganyi. Inatoa maana ya neno, lakini haielezi tabia zake. Kisha naandika ubaoni, "As she was leaving, I locked the door," na darasa linagawanyika: wengine wanasoma "alipokuwa akiondoka", wengine "kwa vile alikuwa akiondoka". Wote wako sahihi, na hapo ndipo ninapotaka wafike. Ushauri wangu ni kwamba sentensi ikiruhusu maana mbili, na wewe unakusudia sababu, andika "because" hata kama unaona umeirudia mno. "For" ya sababu naipitia haraka: huja baada ya kishazi kikuu na ina harufu ya maandishi ya kale, basi itambue unaposoma na uiache unapoandika.

Saa 6 mchana nina mwanafunzi mmoja tu, na somo ni "if" na "whether". Neno letu "kama" linazifunika zote mbili, tena linafunika na "like". Baada ya kihusishi, kama "about", au kabla ya kitenzi chenye "to", ni "whether" tu inayokubalika: "We talked about whether to leave." Anaelewa upesi, tunamaliza mapema.

Saa 8 mchana ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa tunashughulikia "in case". Wengi huitafsiri "ikiwa", na kosa hilo hubadilisha matendo ya watu, si sarufi peke yake. "I will take an umbrella if it rains" maana yake nasubiri mvua inyeshe ndipo niuchukue; "in case it rains" maana yake nauchukua sasa, isije ikanyesha. Mwanafunzi mmoja, fundi mitambo, anasema kwamba angeelekezwa "Call me in case the machine stops" angesubiri mashine isimame ndipo apige simu. Namwambia asione haya, kwa sababu wapo wazungumzaji wazawa wa Kiingereza wanaoitumia hivyo hivyo, hasa Marekani, na hata "in case of fire" inayobandikwa ukutani humaanisha moto ukitokea.

Saa 11 jioni nasoma barua ya kuomba kazi ya mwanafunzi wa zamani. Ameandika "Despite of I have little experience", na ndani yake nasikia "licha ya" ikiongea. "Despite" haihitaji "of", wala haifuatwi na kishazi kamili. Hufuatwa na nomino au kitenzi chenye "-ing". Cha ajabu ni kwamba "licha ya" nayo hupenda nomino au "kuwa", kwa hiyo angeifuata lugha yake mpaka mwisho angepatia nusu ya kanuni.

Saa 2 usiku naandaa zoezi la kesho. Nimeandika "Since you left the office, I have answered all the letters", na katika majibu yangu nimeweka "tangu". Naisoma kwa sauti, nasikia "kwa kuwa" nayo ikiingia bila kikwazo. Nafikiria kubadili mwanzo uwe "Since Monday", ila hapo "since" ingekuwa kihusishi, na zoezi ni la viunganishi. Sentensi naiacha ilivyo, naandika swali upya: eleza maana zote mbili, alama 4.