Doa kwenye foronya

Siku ya kumi na moja baada ya kaka kufanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ubongo, tukiwa tumesharudi nyumbani Chang'ombe, Dodoma, niliona doa la manjano kwenye foronya yake. Mshono ulikuwa umeanza kutoa usaha. Usiku huohuo tulirudi wodini, wakaufungua tena, wakausafisha, kisha akaanzishiwa sindano za kuua bakteria kwa wiki sita.

Shemeji yetu, kwa nia njema nadhani, alituma habari kwamba wagonjwa wa glioblastoma, aina kali ya saratani ya ubongo, wanaopata maambukizi huishi zaidi. Wazo hilo si geni: mwaka 1891 daktari William Coley wa New York alianza kuwadunga wagonjwa wa saratani bakteria ili kuamsha kinga ya mwili. Daktari wetu alisikiliza kwa upole, akasema kwamba tafiti za wagonjwa wa ubongo zimetoa majibu yanayopingana, ilhali maambukizi yenyewe yanaweza kuua na tena huchelewesha tiba ya mionzi. Ya kaka ilichelewa karibu miezi miwili. Ameianza Jumatatu, Dar es Salaam, akiwa na kofia ya kufuma tuliyomnunulia sokoni Majengo.