Meseji ya deni na kadi ya presha

Mpaka leo simu ikiita usiku huwa nashtuka kwanza ndo naangalia nani. Imetoka mbali hiyo.

Mi nilikuwa muuza viatu vya mtumba pale soko la Karume, Dar, nasema nilikuwa maana usiku wa kuamkia tarehe 16 Januari 2022 soko liliungua na kibanda changu kikaenda, na belo mbili nilizokuwa nimezifungua wiki ile ile. Kilichopona ni pea moja tu ya raba, namba 44, nyeupe zina mstari wa bluu pembeni, na zilipona kwasababu nilikuwa nimezibeba nyumbani kuzisugua kwa mswaki na dawa ya meno, zilikuja na matope makavu ya huko zilikotoka. Nikazipandisha juu ya kabati. Siuzi, sivai (mi navaa 41), zipo tu pale kila nikilala naziona.

Sasa mtu ukishaunguliwa mtaji unafanya nini, unakopa. Nikaenda kwa wale watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba wa mtaani, laki tano, marejesho elfu kumi na moja kila siku kwa siku sitini, na dhamana nikaandikisha tivi na friji. Hesabu haikuwa mbaya kwenye karatasi. Tatizo ile laki tano nusu ilikula kodi ya nyumba na ada, iliyobaki nikanunua viatu vya kuuza chini kwenye turubai, sasa turubai na kibanda ni vitu viwili tofauti kabisa, kuna siku narudi na elfu sita yani hata rejesho haifiki. Ndo nikaingia kwenye mikopo ya simu. Unapakua aplikesheni, inakuuliza ruhusu hiki ruhusu kile, unabonyeza tu ruhusu ruhusu ruhusu, umeomba laki moja inaingia elfu sabini na mbili, na baada ya siku saba wanataka laki yao kamili. Nakopa huku nilipe kule. Wife sijamwambia kitu, namwambia biashara inakuja inakuja.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita usiku, tupo sebuleni, simu ya wife ikalia, akasoma, akanyamaza, akanipa simu nisome mwenyewe. "Mwambie ndugu yako alipe deni anakwepa simu, ni tapeli, wewe amekuandika mdhamini." Na jina langu kamili. Nikadhani ni yeye peke yake. Kumbe ile ruhusu niliyobonyeza ilikuwa ya majina yote kwenye simu, kwahiyo ilienda kwa baba mkwe, kwa mwalimu wa darasa wa mwanangu, kwa fundi aliyenichimbia choo, na kwa bi mkubwa wangu, mama, kule Handeni, ambae kusoma hajui, akaitiwa mtoto wa jirani amsomee na mtoto akasoma kwa sauti kama anasoma kitabu cha darasa la tatu, baraza zima wamekaa wanasikiliza. Hilo la Handeni ndo liliniuma kuliko yote. Tivi ningeweza kuivumilia.

Usiku ule sikulala. Nilizima simu.

Saa kumi na moja alfajiri mlango unagongwa. Nikajua ndo wale wa marejesho wamekuja kubeba friji. Nikachungulia, ni Dereva. Huyu jamaa tumekua wote Mburahati, anaendesha daladala, Kosta, na jina la Dereva alianza kuitwa hata kabla hajashika usukani, enzi hizo anapiga debe tu. Kibonge hivi, mcheshi, akiingia mahali unajua ameingia. Siku hiyo kasimama kimya.

"Vaa viatu, tunatembea."

"Tunaenda wapi saa hizi?"

"Mi nimesema tunatembea, sijasema tunaenda."

Nikamwangalia miguuni, kavaa kandambili. Mtu anakuja kukuamsha mkatembee alfajiri na kandambili, tena moja kamba imeshonwa na waya. Sijui ni nini kilinituma, nikarudi ndani nikazishusha zile raba juu ya kabati. Akajaribu, zikakaa kama alipimwa. Mdomo ukanitoka wenyewe, mazoea ya miaka: "Hizo elfu kumi na tano." Akasema "nikopeshe." Tukaangaliana hapo mlangoni, afu tukacheka mpaka wife akatoka kuangalia kuna nini. Tangu usiku ule ndo mara ya kwanza kumuona yeye anatabasamu na yeye.

Tukashika njia ya Kigogo. Giza bado, wauza maandazi ndo wanawasha mkaa. Nilikuwa nasubiri aanze, maana na yeye lazima meseji ilimfikia, namba yake ipo juu kabisa kwenye simu yangu. Haanzi. Anaongelea Yanga, anaongelea bei ya mafuta, mwaka ule kila mtu wa chombo alikuwa analia mafuta, petroli Dar ilipita elfu tatu kwa lita. Tumeshuka mpaka bonde la Msimbazi pale Kawawa Road, kile kiharufu mnakijua, sasa kupandisha upande wa pili nikaona ananibakisha naongea peke yangu. Nageuka, amekaa kwenye ukingo wa mtaro, mkono kifuani, anahema kama kapanda na gunia la mchele mgongoni. Jasho linamdondoka kwenye pua, tone, tone. Na baridi ile ya mwezi wa sita.

Nikataka kuita bodaboda akakataa kwa mkono. Akakaa dakika kama kumi hivi. Afu akaingiza mkono mfukoni akatoa kadi imekunjwa mara nne, imelowa.

"Meseji yako nimesoma. Soma na yangu."

Ni kadi ya zahanati. Presha, 178 kwa 112. Tarehe ni ya mwezi wa tatu. Pembeni nesi kaandika arudi baada ya wiki mbili, na hamna tarehe nyingine yoyote chini yake.

Nikamuuliza dawa je. Akasema anameza akisikia kichwa. Kisipouma anaacha, kwanini ameze wakati haumwi, na vile vidonge anavikata nusu ili karatasi moja imfikishe mbali maana hesabu ya tajiri mwenye gari imepanda na mafuta yamepanda. Na nyumbani shemeji hajui. Kwahiyo alikuja kunichukua mimi nitembee nisije nikajinyonga (alisema hivyo hivyo, "nilijua utafanya ujinga"), kumbe mwenyewe hata lile bonde haliwezi. Nilimtukana pale. Tusi la kweli, sio la utani. Na yeye akanirudishia, akasema we mwenzangu umekopa mpaka mama yako anasomewa barazani afu mimi umenificha, ungeniambia mwezi wa pili.

Hatukupandisha haraka. Tulifika Karume jua limeshatoka, tukanunua chai ya tangawizi tukakaa kwenye ubao mbele ya pale palipokuwa kibanda changu. Aliazima kalamu kwa mama wa chai, akaigeuza ile kadi ya presha akaanza kuandika nyuma. Anakula nini kwa siku: chipsi mayai usiku elfu mbili mia tano, na anaomba chumvi ya kuongeza huyu, soda mbili, na kile kinywaji cha kopo cha kumtoa usingizi. Jumla inakaribia elfu tano. Akanipa kalamu, "na wewe andika." Nikaandika vocha, nikaandika nauli. Akaniangalia tu. Anazunguka mtaani kila siku yule, anajua watu wanashinda wapi. Nikaandika: mikeka, elfu tatu kila siku. Nilikuwa nabeti nikitegemea siku moja mechi kumi na mbili zikubali zote nilipe madeni kwa mkupuo. Ilikuwa haijatoka kwangu kwa mtu yeyote hiyo, na kuiandika kwenye kadi ya presha ya mtu mwingine ilinitia aibu kuliko ile meseji.

Nikadhani atanikopesha. Kwakweli nilikuwa nangoja. Akasema "sikukopeshi, nikikukopesha utanizimia simu na mimi." Ila Jumatatu konda wake alikuwa anasafiri kwenda msibani, nije nipige deiwaka, nishike nafasi yake. Nikapiga. Kutoka belo mbili mpaka kuning'inia mlangoni naita abiria, wateja wangu wa zamani wananipa nauli wanajifanya hawanijui, mmoja tu ndo aliuliza. Kila jioni ananikata hela yangu ya mkeka haijafika mkononi, na mimi namkata ya chipsi, zake nalala nazo mimi na zangu analala nazo yeye, kwenye vibubu viwili tulivyopigiliwa na fundi selemala wa jirani. Mchana tunakula hotpoti ya wife, ugali, mchicha, dagaa, abiria wa siti ya mbele wanalalamika gari linanuka. Vidonge vyake nilivibeba mimi kwenye pochi ya nauli, kila siku saa mbili asubuhi kimoja kizima, aumwe kichwa asiumwe. Baada ya kama wiki tatu alirudi zahanati, mi nipo nje kwenye benchi, akatoka kanishikia kadi juu kama refa wa akiba anashika kibao cha sabu. 146 kwa 94. Nesi alimwambia bado ipo juu. Yeye kwake ilikuwa kombe.

Sio kila kitu kilikaa sawa. Tivi walikuja kuibeba, tulienda wote kuomba wapunguze rejesho iwe elfu tano kila siku kwa muda mrefu zaidi, wakakubali ila tivi imeshauzwa. Yule wa aplikesheni nilimaliza mwezi wa tisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilivyotoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha mtandaoni bila kibali, niliisoma yote jina kwa jina, usiku, kama mtu anayetafuta namba yake kwenye matokeo ya darasa la saba. Handeni nilienda mwenyewe. Bi mkubwa aliniuliza swali moja tu, kama nimekula.

Karume nimerudi, nina meza. Dereva bado kibonge ila bonde la Msimbazi anapandisha anaongea, na chipsi anakula Jumamosi, akiniona anaficha sahani. Raba zile zimeisha soli zote mbili, anazo bado. Elfu kumi na tano, amelipa kwa mia tano mia tano mpaka elfu kumi na tatu na mia tano, afu akaacha, mwaka wa pili huu. Nimeshamwambia namba ya mama mkwe wake ninayo.