Wiki saba na siku tatu

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, binti ninayemfundisha ushonaji hapa Moshi alishona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia. Ana miaka 21 na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri huo. Kosa la namna hiyo si lake. Nilipomwambia afumue, aliinamia cherehani akalia. Mfukoni alikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa, na ndani yake vidonge vinne visivyo na jina wala pakiti.

"Dada, nimeambiwa hivi vinatoa mimba usiku mmoja."

Alivinunua elfu thelathini kwa kijana mmoja asiye na duka wala cheti. Nilishusha pazia la mlango, nikachomoa pasi, nikamwuliza swali nililoulizwa mimi mwaka 2011: siku zako za mwisho zilianza lini?

Hakujua. Alichojua ni usiku aliokuwa na yule mwanamume, na kuanzia hapo alipata wiki tano na kitu. Nikatungua kalenda ya usharika ukutani tukaanza kutafuta. Akakumbuka kwamba siku zilimwanza tulipokuwa tunamalizia sare za kwaya, maana aliniomba ruhusa kwa sababu ya tumbo. Ilikuwa Jumatatu. Tukashuka na kidole, Jumatatu hadi Jumatatu: wiki saba na siku tatu. Alidhani nimekosea. Hospitalini umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu mlipokutana, kwa hiyo zile wiki mbili za mwanzo zimo hata kama mimba ilikuwa haijatungwa. Wasichana wengi hukosea hapo, na kila kitu kinachofuata kinategemea hesabu hiyo.

Mwaka 2011 nilikuwa nimepanga chumba Pasua, sijaolewa, nina mimba ya wiki kumi na moja ambayo nilikuwa nimeshaamua kuibeba. Ilitoka yenyewe. Damu ilianza Jumamosi jioni. Nauli ya kwenda hospitali nilikuwa nayo. Nilichoogopa ni kuulizwa nimechoropoa wapi, kisha polisi waitwe. Nikajifungia ndani mpaka Jumatatu, nabadilisha vitambaa na kunywa chai ya rangi. Mama mdogo alikuja kuniletea ndizi, akanikuta siwezi kusimama, akaita teksi. Na kweli, mapokezi muuguzi mmoja aliniuliza swali lile lile nililoliogopa, kwa sauti ya kusikika benchi zima. Sijalisahau. Kisha akaja muuguzi mtu mzima, akavuta pazia, akaniuliza siku zangu zilianza lini, ninabadilisha pedi mara ngapi kwa saa, nina homa? Hakuuliza lingine.

Huyo ndiye aliyenieleza jambo ambalo laiti ningelijua Jumamosi: mimba iliyotoka yenyewe na iliyotolewa hutibiwa namna moja, na matibabu ya mimba iliyoharibika ni huduma halali katika hospitali zetu. Sikutoa mimba, lakini nusura nife kwa kuiogopa sheria ya kutoa mimba.

Walinisafisha kwa bomba la mkono. Naeleza kwa sababu karibu kila mwanamke ninayezungumza naye anadhani ni visu. Ni bomba la plastiki linalovuta hewa, mfano wa bomba kubwa la sindano, lenye mrija mwembamba mbele. Walinichoma ganzi kwenye shingo ya kizazi, mrija ukapitishwa, mabaki yakavutwa. Kazi yenyewe haikufika robo saa. Iliuma kama tumbo la siku zangu likizidishwa mara tatu, kisha maumivu yakashuka. Wakakagua kilichotoka wasije wakaacha kitu ndani, wakanipa dawa za kuzuia maambukizi. Zamani walikuwa wakikwangua kwa chuma. Shirika la Afya Duniani limeshasema njia hiyo iachwe. Kabla sijaruhusiwa, muuguzi yule aliniambia kwamba naweza kushika mimba nyingine hata ndani ya wiki mbili, kabla hedhi haijarudi. Nikatoka nimewekewa vijiti vya kuzuia mimba mkononi.

Njia hizo ndizo zinazotumika pia kutoa mimba kwenye nchi zinazoruhusu, nami nilimweleza binti bila kuficha. Kuna vidonge vya aina mbili: mifepristoni, inayozuia homoni inayoishikilia mimba, na baada ya siku moja au mbili misoprostoli, inayolifanya tumbo la uzazi libane na kusukuma. Bomba hutumika mpaka kama wiki ya 14. Mimba ikizidi hapo, kazi inakuwa kubwa na inataka mtaalamu zaidi. Mikononi mwa mtu aliyefundishwa, zote ni tiba salama. Sikutaka kumtisha kwa uongo. Kinachoua ni kijiti cha muhogo, ni majivu, ni vidonge vya kwenye gazeti ambavyo hakuna ajuaye ni vya nini, na ni kujifungia chumbani siku mbili kama nilivyofanya mimi.

Kisha nikamweleza sheria, maana yule kijana hakumweleza. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150, inampa anayemtoa mwanamke mimba hadi miaka 14 jela. Kifungu cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe: hadi miaka saba. Anayetoa dawa akijua kazi yake, hadi miaka mitatu. Mlango unaobaki uko kwenye kifungu cha 230, pale daktari anapofanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, unaotaka kutoa mimba kuruhusiwe pia kwa sababu ya ubakaji, kuzaa na maharimu na afya ya mama, lakini Kanuni ya Adhabu imebaki ilivyokuwa. Akauliza kuhusu kuvuka Holili, maana kuna aliyemwambia kwamba Kenya ni huria. Si huria. Katiba yao ya 2010, ibara ya 26, inaruhusu pale tu mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona kuna dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu.

Mimi naona sheria yetu inawafukuza kutoka hospitali hata wale ambao haikuwalenga. Naandika hivyo nikiwa muumini na mwimbaji wa kwaya, na nimelifikiria kwa miaka mingi.

Mengine tuliyazungumza mpaka giza likaingia. Kumlea mwenyewe, na baba wa mtoto kudaiwa matunzo kupitia Ustawi wa Jamii. Kumzaa na kumwachia bibi yake kwa muda, kama wengi wetu tulivyolelewa migombani huku mama zetu wakitafuta mjini. Kumtoa aasiliwe, jambo ambalo lazima lipite Ustawi wa Jamii na mahakamani. Kumkabidhi mtoto kwa mtu kimyakimya siko kuasilisha. (Angekuwa bado shuleni ningemwambia pia kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi darasani.) Nilimwambia ukweli kwamba uamuzi ni wake, na kwamba usiku wowote akitokwa damu, kwa sababu yoyote ile, anigongee dirishani. Pedi kubwa mbili zikilowa ndani ya saa moja, na saa inayofuata vilevile, hakuna kusubiri asubuhi. Homa isiyoshuka, uchafu unaonuka, maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, bega kuuma, kizunguzungu: hospitali.

Ijumaa nilifunga kibanda tukaenda kupima utrasaundi. Hilo nalisisitiza kwa sababu mimba ikiwa imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija, vidonge vile havingeitoa. Angetokwa damu, akadhani kazi imekwisha, huku mrija ukingoja kupasuka. Mimba yake ilikuwa mahali pake. Tukirudi alivitumbukiza vile vidonge chooni pamoja na gazeti lake.

Siku tatu hakusema neno kuhusu jambo hilo, nami sikumwuliza. Alifumua ule mkono wa gauni akaushona vizuri. Jumanne mchana alichukua simu akampigia mama yake Kibosho, amesimama palepale mbele ya kalenda. Shikamoo, kimya kirefu, kisha, "Mama, nina mimba, na nimeamua nitazaa." Sikusikia alichojibiwa. Nilimwona tu akiweka kidole kwenye tarehe.

"Wiki nane na siku moja," akasema. Akasikiliza tena, akanigeukia. "Mama anauliza, kliniki ya kwanza ni lini, na nani ananisindikiza."